Cheka unavyotaka, mbeleko naivaa mimi

Najua wengi wenu mlishaanza kuchonga huko mitaani kwamba mwandishi wa safu hii kaingia mitini, wengine mkadai nimepata mchongo mnono nimewasahau. Wala! Nilikuwa hospitali. Siyo kuumwa, msinipe pole. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia, kifua wazi, nimefungwa kitenge cha maua ya njano, na ndani ya kitenge kuna binadamu wa kilo 1.7.

Ndiyo, nimekuwa baba. Tena baba wa binti. Hapa nitamwita Bosi, maana tangu afike mjini ndiye anayepanga watu walale saa ngapi.

Bosi hakusubiri tarehe yake. Mama watoto alipandwa na presha ya mimba wiki ya 34, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli mchana kweupe. Tulipofika hospitali daktari hakuwa na longolongo, akasema opresheni sasa hivi. Nilipoonyeshwa mtoto, jamani, nilitaka kuuliza mwingine yuko wapi. Mkono wake mzima ulikuwa unene wa kidole changu. Mimi niliyekuwa nasema kijiweni kwamba mwanangu atacheza mpira Ulaya, nikawa naogopa hata kumpumulia.

Akaja nesi mmoja mtu mzima, ana miwani imeshikwa na kamba, akaniambia, "Baba, vua shati."

"Mimi?"

"Kwani hapa kuna baba mwingine? Mwenzio yuko chini ya uangalizi, hawezi kumbeba. Mtoto anataka joto. Vua."

Nikavua. Akamwacha Bosi na kofia, soksi na nepi tu. Akamweka kifuani kwangu wima, amekunja miguu kama chura, tumbo lake kwangu, kichwa kakigeuza upande, shavu kwenye ngozi. Akachukua kitenge akanizungushia, akakivuta mpaka nikaguna. Ukingo wa juu ukaishia chini kidogo ya sikio la mtoto. "Hapa kifuani kaza," akasema. "Hapa tumboni kwake usibane, huyu anapumua kwa tumbo." Halafu akaniacha. Nusu saa baadaye vidole vyake vilivyokuwa vya baridi kama chupa ya soda vikawa vya moto. Mimi nilikuwa nalia, nikazuga nina mafua.

Wanaita njia ya kangaroo, yule mnyama wa Australia anayefuga mtoto mfukoni. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Bogotá, Colombia, daktari mmoja Edgar Rey alipoona mashine za joto hazitoshi na watoto njiti wanarundikwa wawili wawili wanaambukizana magonjwa. Akasema basi mama awe mashine. Na msidhani ni mambo ya kubahatisha ya watu wasio na fedha. Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliofanyika kwenye hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mapema kabisa baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100. Wale waliosubirishwa mpaka hali itulie kwanza, walikufa karibu 16. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likaagiza mtoto njiti aanze kufungwa kifuani mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku. Nesi wangu hakunipa takwimu hizo, alinipa kitenge tu. Takwimu nilizitafuta mwenyewe usiku, simu mkono mmoja, Bosi kifuani.

Kasheshe ilikuja siku ya pili. Nimekaa na kitenge changu, kifua wazi, mara pazia shwaa! Mama mkwe huyo! Wasomaji mnaotoka kwenye familia zenye adabu zenu mnajua ninachosema. Mkwe wangu huyu mimi nikimwona barabarani navuka upande wa pili. Leo ananikuta kifua wazi. Kusimama siwezi, kujifunika siwezi, mikono imeshika mtoto.

"Shikamoo mama."

"Toba!" Akageukia ukuta. Kisha akauambia ukuta, "Marahaba, baba. Mtoto hajambo?"

Tukazungumza hivyo dakika kumi, yeye na ukuta, mimi na mgongo wake. Kesho yake alikuja na kanga, akanirushia kwa nyuma nijifunike mabega. Mpaka leo hatujawahi kulitaja jambo hilo.

Wiki mbili tukapokezana, mama watoto alipopata nafuu naye akafungwa, mimi nikibaki na zamu za usiku. Tukaruhusiwa. Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, hasa nyie mabitozi wenzangu, maana mambo yote niliyoyafanya vizuri hospitali niliyaharibu nyumbani kwa sababu moja ya kijinga. Aibu.

Nyumbani tulikuwa na vitu vitatu vya kubebea mtoto. Cha kwanza ni kile kitenge cha wodini. Cha pili ni kanga za mama mkwe, ambaye alishaanza kusema mtoto arudi mgongoni kama watoto wote wa ukoo. Cha tatu kililetwa na shemeji, mkoba wa dukani. Ulikuwa bomba, siwafichi. Rangi ya kijivu, zipu, mkanda mmoja wa begani kama mfuko wa kompyuta, ndani kigodoro laini. Mtoto analazwa humo amejikunja kama ndizi mbivu, unafunika kipande cha juu, unaondoka. Mtu akikuona anadhani umetoka ofisini.

Kutoka kwetu kwenda barabarani lazima upite maskani, pale kwa fundi pikipiki, wanapokaa washikaji wangu wote kuanzia saa tatu asubuhi. Unanielewa? Msela mzima nipite pale nimefungwa kitenge cha maua ya njano! Siku ya kliniki ya kwanza nikachagua mkoba.

Mama mkwe alinung'unika kwamba mtoto hajatimiza arobaini anatolewa nje, lakini kadi ya kliniki ilishaandikwa tarehe, akakubali kwa sharti kwamba naye anakuja. Tukapita maskani. Washikaji wakanipigia saluti, hakuna aliyecheka. Nikajiona natesa. Tukaingia kwenye bajaji, mama watoto na mshono wake katikati, sisi pembeni. Foleni ya saa nne, jua kali, mkoba uko mapajani kwangu. Bosi kimya. Nikamwambia mama watoto, unaona, kapenda, kalala.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Baba, hebu nimwone mjukuu wangu."

"Kalala, mama."

"Hebu nimwone."

Akafungua kile kipande cha juu. Kidevu cha Bosi kilikuwa kimegusa kifua chake, kichwa kimeangukia mbele, pua imezama kwenye kigodoro. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Sikumwona mama mkwe alivyomtoa, niliona tu yuko mikononi mwake, kidevu kimeinuliwa, anamsugua mgongo kwa nguvu anamwita. Dereva wa bajaji kageuka anatutazama, nyuma wanapiga honi. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Kisha Bosi akavuta pumzi kama mtu anayetoka majini, akalia. Nimeishi mjini miaka yote na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Kliniki walimpima kila kitu, wakasema yuko salama. Nesi akauchukua ule mkoba, akaugeuza ndani nje, akatafuta kikaratasi kilichoshonwa kwenye mshono. Kimeandikwa, mtoto wa kuanzia kilo 3.5. Mizani siku ile ilisema Bosi ana kilo 2.2. Kikaratasi kilikuwepo siku zote. Mimi nilisoma bei tu, tena ili nijue shemeji katumia kiasi gani.

Nesi akanieleza jambo ambalo ningependa kila mtu anayesubiri mtoto alijue. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Koo lake la hewa ni kama mrija laini wa soda. Ukiukunja mrija, soda haipiti. Ukimweka mtoto amejikunja, kidevu kikigusa kifua, mrija unakunjwa, na hawezi kunyanyua kichwa mwenyewe kujiokoa. Tena mtoto aliyebanwa hivyo halii, kwa sababu kulia kunataka hewa. Ndiyo maana wewe unadhani amelala, unasema kapenda.

Na si mimi peke yangu niliyeingizwa mjini na mkoba wa aina hiyo. Marekani, Machi 2010, serikali ilitoa onyo juu ya vibebeo vya namna hiyo kwa watoto wa chini ya miezi minne, ikataja njia mbili wanavyokufa, kitambaa kuziba pua na mdomo, na kidevu kushuka kifuani. Mwezi huohuo kampuni moja ikairudisha mikoba yake zaidi ya milioni moja kutoka kwa wateja, baada ya vifo vya watoto watatu. Milioni moja! Na waliokuwa hatarini zaidi ni walewale, watoto njiti, wenye uzito mdogo, na mapacha.

Ule mkoba niliutia mkasi. Sikutaka hata kuupa mtu. Shemeji akiisoma safu hii, nisamehe shem, nilikudanganya kwamba umeibiwa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jumamosi iliyofuata nikaenda mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kule kwenye kanga na vitenge. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akaniuliza, "Unamchukulia wifi yangu nini, kaka?" Nikamwambia najichukulia mwenyewe, nambebea mtoto. Akawaita wenzake wa maduka matatu waje waone. Baada ya kucheka wakanisaidia, tena wote wakigombania kunifundisha, maana hakuna mwanamke wa Kariakoo asiye na ufundi wake wa mbeleko.

Kwanza walinikatalia kanga. Siyo kwamba kanga ni mbaya. Kanga ni pamba, nyepesi, inapitisha hewa, na imebeba taifa zima. Lakini kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu. Kwa mwanamke mwembamba inatosha, kwa kifua changu inaishia ubavuni na fundo linabaki kama la kamba ya kiatu. Fundo dogo hufunguka. Tena kuna kanga za siku hizi zenye mchanganyiko wa nailoni, zinateleza na zinapika mtoto. Ujanja walionionyesha ni kuziba pua na mdomo wako kwa kitambaa na kupumua. Ukiona unahangaika, kirudishe. Hata hivyo kitambaa kizuri siyo ruhusa ya kumfunika mtoto uso, uso unakaa nje daima.

Nikachukua kitenge cha pamba, kipande kizima cha yadi sita. Kitenge kipya kina wanga, kigumu kama karatasi ya sukari, fundo lake halikamati. Nikakifua mara tatu na maji ya moto kabla hakijamgusa Bosi. Mama mkwe alinikuta nafua, akapita bila kusema kitu, ila nilimsikia jikoni anacheka peke yake.

Namna ninavyofunga ni hii. Katikati ya kitambaa inakaa tumboni kwangu, ncha mbili zinapishana mgongoni, zinakuja mabegani na kushuka mbele. Bosi anaingia ndani ya kile kipande cha mbele, wima, uso unanitazama. Kitambaa kinamshika kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, magoti yake yako juu kidogo ya makalio, miguu imetanuka kama alivyofungwa wodini. Halafu navuta ncha mpaka hakuna ulegevu, nazipishanisha chini ya makalio yake, zinapita chini ya mapaja yake, narudi nazo nyuma kiunoni, mafundo mawili. Mwanzoni ilinichukua dakika kumi na tano na matusi kidogo. Siku hizi ni dakika mbili.

Kisha nakagua. Namwona uso bila kufunua kitu? Nikiinamisha kichwa namfikia utosi nikambusu? Kati ya kidevu chake na kifua chake kidole changu kinapita? Mgongo wake umenyooka au ameporomoka kama gunia? Nikiinama, na mkono wangu mmoja ukiwa nyuma yake, anabaki amenishikilia au ananing'inia? Jibu moja likiwa baya nafungua naanza upya, hata kama daladala linaondoka.

Habari ya miguu nayo msiichukulie kimzaha. Nyonga za mtoto mchanga bado laini, na kuna jamii duniani zilizozoea kumfunga mtoto miguu imenyooka pamoja kama mshumaa, na kwao watoto kuchomoka nyonga ni jambo la kawaida kuliko kwetu tunaobeba mtoto miguu imetanuka. Kwa hiyo ukiona kibebeo kinamning'iniza mtoto kwa kipande chembamba katikati ya mapaja, miguu inabembea chini kama ya mtu kwenye parachuti, kiache hapohapo dukani.

Kuna wengine mtaniuliza, kwani vya dukani vyote ni feki? Hapana. Kuna kile kitambaa kirefu cha kuvutika kama fulana, hicho ni kizuri kwa mchanga wa kifuani, ila usije ukambeba mgongoni nacho, kinalegea, na kwa joto la Dar mwezi wa pili utayeyuka. Kuna cha pete mbili begani, ambacho pete zake ziwe chuma kizima kisicho na kiungio, siyo zile za mapazia. Kuna vile vya mikanda na vifungo kama mkoba wa mgongoni, vizuri mtoto akishakua, wengi wa wachanga wanazama ndani yake mpaka kiwekwe kitu maalumu cha kuwainua. Vyote soma kile kikaratasi, utafute uzito. Kama kimeandikwa Kichina kitupu na muuzaji naye hajui, usinunue.

Kinachonichekesha ni kwamba hivi vya mikanda vinavyouzwa bei ya mbuzi wawili, mwanzo wake ni bara letu. Miaka ya 1960 nesi mmoja wa Kimarekani, Ann Moore, alikuja kujitolea Togo, akaona akina mama wanafunga watoto mgongoni na watoto wametulia. Aliporudi kwao akajifungua, akajaribu kufunga shuka, mtoto akawa anateleza. Akamwomba mama yake mzazi amshonee kitu chenye mikanda. Wakapata hataza mwaka 1969, kikaitwa Snugli, kikauzwa nchi nzima. Simlaumu, dada wa watu aliona kitu kizuri. Nawalaumu sisi tunaoona haya kuvaa cha asili halafu tunavizia nakala yake ikitoka ng'ambo.

Ubishi uliobaki ni wangu na mama mkwe kuhusu mgongo. Yeye anasema alibebwa mgongoni, akabeba watoto sita mgongoni, mbona hakuna aliyekufa. Na huyu ndiye aliyemwokoa Bosi kwenye bajaji, nitambishia kwa mdomo gani? Ila nesi alisema mchanga akae kifuani mpaka shingo ikaze na kichwa akishike mwenyewe bila kuyumba, kwa sababu mgongoni huoni. Tena njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, siyo aliyotokea. Tukamaliza ngoma droo. Kifuani ni kwangu mpaka shingo ikaze, siku ikikaza anakwenda mgongoni kwa bibi yake, kwa kanga aliyokwisha kuichagua na kuifungia sandukuni. Nimeyaona maneno yake. Ni ya kuwapasha majirani. Nimenyamaza.

Mengine niliyoyajua kwa kuyaishi nayasema haraka. Chai ya moto usinywe ukiwa umembeba, wala usisimame jikoni kwenye mafuta. Bodaboda marufuku, hata kama ni hatua mia mbili na dereva ni ndugu yako. Nje kwenye jua mtoto aliyeshika uzito hahitaji sweta chini ya mbeleko, kifua chako ndiyo sweta, mpapase nyuma ya shingo, ukikuta jasho punguza nguo. Na ukisikia usingizi umembeba, mfungue umlaze chali pake. Wodini niliruhusiwa kusinzia nikiwa nimeegemea nusu kukaa, manesi wakizunguka. Nyumbani hakuna nesi anayezunguka.

Sasa mtauliza, na maskani je? Siku ya kwanza nilipopita na kitenge, soo! Filimbi zilipigwa, mmoja akaniita mama mkubwa, mwingine akauliza kama nina maziwa. Nikawapungia mkono nikapita. Siku ya pili wakapunguza. Siku ya tatu fundi pikipiki akaomba amwone Bosi, akanawa mikono ya oili kwa sabuni mara mbili kabla ya kusogea. Leo Bosi ana miezi mitatu na kilo 4.6, akipita bila kitenge wananiuliza amekwenda wapi.

Juzi usiku, saa tatu hivi, mlango ukagongwa. Ni yuleyule aliyeniita mama mkubwa. Kasimama gizani, anaangalia huku na huku kama mwizi, kwapani ana kitenge kwenye mfuko wa rambo. Mkewe amebakiza wiki tatu na kliniki wamewaambia mtoto ni mdogo.

"Mshikaji, nionyeshe ile kitu. Lakini usimwambie mtu."

Nikamwambia vua shati. Mama mkwe akasikia sauti ya mwanaume anavua shati sebuleni, akarudi chumbani mwake na kufunga mlango. Mtoto wa kujifunzia hatukuwa naye, Bosi alikuwa kalala na halazimishwi. Nikachukua pakiti ya kilo mbili ya sembe, nikaivalisha kofia ya Bosi. Jamaa akaifunga, ikaporomoka mpaka kitovuni. Akafungua. Akafunga tena, kofia ikazama ndani ya kitenge.

"Hapo umeshamuua," nikamwambia. "Anza upya."

Alianza upya mpaka saa tano. Kesho anakuja tena, nimemwambia alete sembe yake.